Meneja anataka nimpe majina ya "wenye midomo", na mmoja wao ni ndugu yangu

BARUA

Shikamoo Mama,

Naomba unifichie jina langu na jina la kampuni, mana mji wetu huu mdogo, ukitaja kitu kimoja tu watu washajua ni nani. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Magomeni hapa Mtwara mjini, mume wangu anaendesha bajaji. Nafanya kazi kwenye kampuni kubwa ya korosho, makao makuu yako Dar ila kiwanda cha kubangua kiko huku kwetu na maghala wanayo mpaka Masasi na Nachingwea.

Nilianza chini kabisa kwenye kubangua, zile mashine za kukanyaga kwa mguu, mafuta ya ganda yakikurukia yanachoma ngozi mpaka inabadilika rangi, hadi leo vidole vyangu viwili vina madoa meusi. Nikahamia kumenya, baadae kupanga madaraja, alafu meneja wa sasa alipokuja akanifanya supavaiza wa ukumbi wa kumenya. Elimu yangu darasa la saba, na alinichukua mimi akawaacha waliomaliza fomu foo. Nyumbani siku ile tulichinja kuku.

Mwanzoni nilimuona mtu mzuri sana, kila kikao anasema sisi hapa ni familia. Ila Mama kadri siku zinavyoenda hii familia inanitisha. Kuna grupu la WhatsApp la masupavaiza, anatuma meseji saa tano usiku, saa sita, ukisoma usipojibu asubuhi anakuuliza mbele za watu kwani simu umenunua ya kuchezea. Kila asubuhi tunapanga mstari nje ya ukumbi, anasoma majina ya waliotoa kilo chache jana yake, wanatoka mbele wanasimama. Kuna bibi mmoja ana wajukuu, macho hayaoni vizuri, alisimamishwa kama mtoto wa shule, anaangalia chini tu anazungusha kanga yake vidoleni. Na mimi ndo nilikuwa nimepeleka zile kilo.

Alafu kuna kibao cha chooni. Ni kibao cha mbao kina kamba, kinaning'inia mlangoni, kimoja kwa ukumbi mzima. Ukitaka kwenda chooni unakivaa shingoni unaenda, wengine wanasubiri mpaka urudi. Mimi naandika kwenye daftari umetoka saa ngapi umerudi saa ngapi, ukizidisha unakatwa. Sasa Mama humo ndani ni wanawake watupu, kuna wajawazito, kuna walio kwenye siku zao. Kuna mmoja ana mtoto mchanga, siku moja nimepita kwenye meza yake naona koti la kazini limelowa kifuani kote, maziwa yamejaa yanamwagika na yeye mikono haisimami anamenya tu mana akisimama kilo zinapungua. Mtoto yuko nje ya getini na mdogo wake, analia sote tunamsikia. Nilienda kumuombea ruhusa, meneja akasema hapa sio kliniki.

Msimu ukichanganya magari yanashusha mzigo mfululizo, tunatoka mpaka saa mbili tatu usiku, na ule muda wa ziada unalipwa kwa kilo bei ile ile ya mchana. Ndo kuna wadada walisimama kwenye mstari asubuhi wakauliza, kwa adabu kabisa, ovataimu yetu inahesabiwaje. Meneja akasema ofisi itajibu. Haikujibu.

Wiki iliyopita akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniagizia soda. Akasema mikataba ya msimu inaisha mwezi ujao, Dar wamesema watu wapunguzwe, kwaiyo anataka majina kumi kutoka ukumbini kwangu, "wale wenye midomo, unawajua". Akasema nisitume kwenye simu, niandike kwenye karatasi kwa mkono wangu nimletee. Alafu akasema nafasi ya msaidizi wa uzalishaji iko wazi, mkataba wa miaka miwili, ila anataka mtu anayeweza kumuamini. Mkataba wangu mimi ni wa mwaka mmoja mmoja, unaisha karibuni, ameshawahi kuniongezea mara kadhaa.

Mama, waliouliza ovataimu mmoja ni binti wa mama yangu mdogo. Mama mdogo huyo ndo alinilea baada ya mama kufariki, hata unyago alinicheza yeye. Na mwingine ni mama mtu mzima aliyenifundisha kushika kisu cha kumenya bila kuvunja punje. Hao wote wawili wanajua kazi kuliko mimi.

Mume wangu anasema andika, mana usipoandika wewe ataandika mwingine na sisi ndo tutakaa bila ugali. Tuna mkopo wa kausha damu tulichukua kuezekea bati, marejesho kila Jumatatu, ukikosa wanakuja kukaa sebuleni kwako. Chama cha wafanyakazi tawi tunalo, ila mwenyekiti wa tawi jioni anapanda gari moja na meneja, sasa utamwambia nini. Na pale ukumbini nikipita siku hizi watu wananyamaza, najua wananiita chawa wa bosi. Wote wananichukia.

Nimewaza niandike majina ila nimruke ndugu yangu. Nimewaza niache kazi nikakaange samaki feri. Nimewaza nimrekodi na simu. Sipati usingizi, na yeye kila akinipita anauliza "karatasi yangu vipi". Huyu mtu ndo alinitoa chini, nikimkatalia si nitakuwa sina shukrani? Nifanyeje Mama?

Wako, Nisiyelala, Mtwara


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia naona mtu ambaye anaona watu wengine. Umeona kanga ya yule bibi inavyozungushwa vidoleni, umeona koti lililolowa. Mtu aliyekwisha kuwa chawa hayaoni hayo, kwaiyo hilo jina usilibebe kichwani mapema.

Kwa ninavyokuelewa, umewekwa katikati. Juu yako kuna meneja aliyekuinua na anayeshika kalamu ya mkataba wako, chini yako kuna wanawake uliotoka nao meza moja, na nyuma yako kuna nyumba yenye deni. Sasa unaombwa uchague nani akose kazi, alafu uchaguzi huo uonekane umetoka kwako. Maswali umeniuliza mengi ila mimi naona yote yanazunguka hapo hapo, kwamba nani abebe mzigo wa hawa watu kuondolewa.

Kuna kitu umekiandika kwa kupita tu na mimi ndo kimenisimamisha. Karatasi, kwa mkono wako, isiwe kwenye simu. Huyu ni mtu anayetuma meseji saa sita za usiku kwa mambo madogo kabisa, kilo, mahudhurio, kila kitu simu. Kwa nini hili moja hataki liandikwe na yeye? Daftari la kilo analo. Waliosimama kuuliza ovataimu aliwaona kwa macho yake, hahitaji umtajie. Sasa hiyo karatasi anaihitaji ya nini?

Sitaki kujifanya naingia moyoni mwa mtu. Ila nikueleze sheria inavyokaa alafu utapima mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 37, inamtaka mwajiri akimuachisha mtu kazi awe na sababu ya kweli na ya haki, na afuate utaratibu wa haki. Na kifungu hicho hicho kimetaja sababu ambazo hazikubaliki kabisa, ikiwemo mtu kudai haki aliyopewa na sheria, na mtu kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Kwaiyo "waliuliza ovataimu" haiwezi kusimama kama sababu. Inabidi ipatikane nyingine, na maneno ya supavaiza wao yanafaa sana kwa kazi hiyo. Mmoja wao akienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, meneja anaweza kusema mimi nilifuata taarifa ya msimamizi wao, hii hapa, mwandiko wake huu hapa. Maneno ya ofisini na soda hayatakuwepo mezani. Karatasi yako itakuwepo.

Na nisikufiche upande wa pili. Wale wa mkataba wa msimu, mkataba ukiisha kwa tarehe yake mwajiri mara nyingi anasema umeisha wenyewe, sijamfukuza mtu. Sheria imeliona hilo, inasema mfanyakazi aliyekuwa na matarajio ya msingi kuwa ataongezewa mkataba, akinyimwa, hiyo nayo inaweza kuhesabika ni kuachishwa. Ila inabidi ayaonyeshe hayo matarajio, mfano kwamba kila msimu amekuwa akirudishwa kazi ile ile. Sio rahisi lakini ipo. Na inakugusa hata wewe mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja ulioongezewa mara kadhaa, kwaiyo kusanya mikataba yako yote ya nyuma uiweke nyumbani, sio kwenye kabati la kazini.

Nije kwenye hili la shukrani, mana naona ndo limekukaba. Unasema alikutoa chini. Mwanangu, wewe ulikuwa umeshapita kubangua, kumenya na kupanga madaraja kabla hajakuchagua, ukumbi mzima wa kumenya akaukabidhi kwa mtu anayeijua kazi kwa mikono. Alifanya uamuzi mzuri wa kazi, na kampuni imefaidika nao. Shukrani yako umekuwa ukiilipa kila siku unapofungua ule ukumbi asubuhi. Je, kuna mahali mlikubaliana kwamba shukrani ina bei nyingine zaidi ya hiyo? Nakuuliza tu, jibu unalo wewe.

Naye tumtazame kwa haki. Kiwanda cha kubangua huku Kusini kina vita yake. Korosho ghafi inanunuliwa mnadani kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wakulima wanapeleka mzigo ghalani alafu wanunuzi wanashindana bei, na bei inapanda na kushuka, na sehemu kubwa ya korosho yetu inapakiwa ghafi melini kwenda India na Vietnam ikabanguliwe huko. Anayebangua hapa anashindana na hao wote, na ofisi ya Dar inampigia simu yeye kuuliza tani, haikupigii wewe. Inawezekana na yeye halali. Hilo linaeleza kwa nini anakimbizana na kilo. Ila kibao cha shingoni, na bibi kusimamishwa mbele ya watu, hayo siyaoni yanaongeza hata kilo moja, na hapo mimi nasema wazi kwamba siyapendi.

Mumeo usimuone ana roho mbaya. Anayajua yale marejesho ya Jumatatu, anamjua yule mtu wa kukaa sebuleni. Na huenda kasema kweli, usipoandika wewe ataandika mwingine. Ila hapo kuna mambo mawili yamefungwa pamoja na inabidi uyafungue. Moja ni kitakachowapata hao kumi, hilo hulimiliki. La pili ni wewe utakuwa nani kwenye habari hiyo, na hilo unalo mkononi kidogo. Muulize mumeo kwa upole, tukishaandika hawa kumi, msimu ujao akitaka wengine tutafanyaje? Mana hiyo nafasi ya msaidizi wa uzalishaji, kwa jinsi alivyokutangazia, haijafafanuliwa kazi zake ni zipi. Huenda kuandika karatasi za namna hii ndo kazi yenyewe.

Na lile wazo la kumruka ndugu yako, nalielewa kabisa, damu ni damu na mama mdogo aliyekucheza unyago ni mama. Ila utakapomruka yeye bado kumi watatimia, tena kwa kuongeza mwingine ambaye labda hakuuliza hata hiyo ovataimu. Umenieleza vizuri habari za hao wawili. Wale nane hujanieleza. Nadhani ukikaa ukawawaza mmoja mmoja, anaishi wapi, ana watoto wangapi, utaona mwenyewe uzito uko vipi.

Sasa njia ulizonazo. Nitaziongelea zile ninazoziona, na kila moja ina mwiba wake, sikufichi.

Ukiandika, kwa muda mfupi nyumba inatulia. Hatari yake nimeshaisema, karatasi ni yako na wewe ndo utaitwa kuieleza, na ukumbini huenda isifike hata wiki watu hawajajua, mana siri za ofisi za Mtwara zinafika Chikongola sokoni kabla ya wewe kufika nyumbani.

Njia nyingine ni kumrudishia kazi yake kwa heshima. Badala ya majina kumi unampa rekodi za ukumbi mzima, watu wote, mahudhurio, kilo, punje nzima na vipande, bila kumtaja nani ana mdomo. Unamwambia, "Meneja, mimi ninachokijua kwa uhakika ni hiki, nani apunguzwe ni uamuzi wa ofisi." Huo ni ukweli pia, supavaiza kazi yake ni kusimamia na kuripoti. Na sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani, kile kifungu cha 37 kinasema pia kwamba kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kukuagiza, hiyo nayo sio sababu halali ya kukuachisha. Hatari yake? Atajua umemkwepa, sio mtoto. Nafasi ya msaidizi inaweza kwenda kwa mwingine na mkataba wako ukaanza kukalia kuti kavu. Na kuna hili, rekodi nazo zinaumiza. Yule bibi asiyeona vizuri kilo zake ni chache, yule mwenye mtoto mchanga dakika zake za chooni ni nyingi. Ukitoa rekodi, fikiria na maelezo utakayoambatanisha nayo kuhusu watu kama hao, usiziache namba ziende peke yake.

Unaweza pia kumuuliza vigezo, na ukamuuliza kwa maandishi, meseji ya adabu kwake binafsi, sio kwenye grupu: "Shikamoo meneja, kuhusu lile la kupunguza watu naomba unielekeze vigezo vya ofisi ili nisikosee." Akijibu, una kitu cha maandishi. Akinyamaza, nayo imekaa kwenye simu na tarehe yake. Ila akiwa mwepesi wa kuhisi ataona unamtega, na hapo ndo moto unaweza kuwaka. Wewe ndo unamjua hasira zake.

Kuhusu kumrekodi, nenda taratibu sana. Mtu akigundua umemrekodi kwa siri mazungumzo yote yanageuka kuwa kesi yako wewe, ile habari ya wadada na ovataimu inasahaulika siku hiyo hiyo. Daftari dogo la shule ukaliweka nyumbani, ukaandika tarehe, saa, nani alisema nini, nani alikuwepo, litakusaidia na halikugombanishi na mtu. Lianze leo, siku ya soda na mlango uliofungwa iwe ukurasa wa kwanza.

Chama. Umesema mwenyekiti wa tawi anapanda gari na meneja. Inaweza kuwa kweli wamekuwa kitu kimoja, inaweza pia kuwa njia yao ya kurudi ni moja tu, lift ya bure nani anakataa. Hata kama humuamini, tawi sio mwisho wa chama, kuna ofisi ya mkoa juu yake. Na nikutoe wasiwasi mmoja ambao masupavaiza wengi wanao, kwamba ukishakuwa supavaiza wewe ni wa upande wa menejimenti huruhusiwi kuwa chamani na wafanyakazi wa kawaida. Wanaotengwa na sheria ni viongozi wa juu wale wanaotunga sera za mwajiri na kusaini mikataba ya hali bora na chama. Msimamizi wa ukumbi wa kumenya hayumo humo.

Alafu kuna Afisa Kazi wa mkoa, yeye ana mamlaka ya kuingia kiwandani kukagua. Unaweza kwenda kuuliza tu, bila kufungua malalamiko, na bila kuitaja kampuni kama unaogopa. Waulize hesabu ya saa kwa watu wanaolipwa kwa kilo. Utaratibu wa kawaida kisheria ni saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, ovataimu inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na ovataimu yenyewe isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Wale wadada waliuliza swali lenye jibu kwenye sheria. Haijalishi ni wapole au wana midomo.

Kuacha kazi ukakaange samaki feri, hilo wazo lina heshima zake, wapo wanaolea watoto kwa karai moja. Ila mafuta yana bei, kuni zina bei, na kausha damu hawasubiri wateja wazoee samaki wako. Na ukiandika barua ya kuacha mwenyewe, kesho ukitaka kudai kwamba walikusukuma inabidi uthibitishe kwamba mwajiri ndo aliyafanya mazingira yasivumilike, na hapo wengi wanakwama. Kama moyo umeshaondoka kiwandani, pengine uanze kuutafuta huo mtaji ukiwa bado una mshahara.

Uliposema "wote wananichukia" nilitamani ungekuwa umekaa hapa tuongee. Umejuaje? Umesema wananyamaza ukipita. Watu wananyamaza kwa kuchukia, na wananyamaza pia kwa kuogopa. Wanachokiona wao ni wewe na daftari la chooni. Hawajui kama uliwahi kwenda kumuombea ruhusa mwenzao ukaambiwa sio kliniki, hilo ulimwambia nani? Pale labda pana jambo dogo lililo ndani ya uwezo wako kuliko haya ya majina kumi. Mama anayenyonyesha sheria inamruhusu kumnyonyesha mtoto muda wa kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Ukirudi kwa meneja usirudi kuomba huruma, rudi na hilo, mwambie ofisi ya kazi wakija wakakuta hivi kampuni itaulizwa, na mimi naikinga kampuni. Huenda akakataa tena. Huenda pia akalisikia kwa sababu limekuja kama jambo la kulinda kiwanda, na wakubwa wengi lugha hiyo wanaielewa haraka.

Nimebaki na ndugu yako. Je, umwambie kwamba jina lake linatafutwa? Ukimwambia, anapata muda wa kujiandaa, kutunza nakala za mikataba yake, kujua kwamba akiachishwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri CMA, zikipita inabidi aanze kuombea ruhusa ya kuchelewa. Ila akishindwa kukaa na siri, atakwenda kumuuliza meneja kesho asubuhi kwenye mstari, na wote mtajua habari imetoka kwako. Usipomwambia, akija kujua baadae kwamba ulijua, kwa mama mdogo utaingiaje? Hapa mimi siwezi kukuamulia, mana simjui huyo binti kifua chake kina nafasi kiasi gani. Kuna katikati pia, unaweza kumfundisha hayo ya mikataba na siku 30 yeye na wenzie kama maongezi ya kawaida tu, mkimenya mihogo nyumbani Jumapili, bila kutaja karatasi wala soda. Haki zao ni zao, kuzijua hakuhitaji siri ya ofisi.

Kabla hujampelekea meneja jibu lolote, liwe la ndio au la hapana, naomba mkae na mumeo usiku mmoja watoto wakishalala mpige hesabu ya deni, limebaki kiasi gani, na kama ukikosa mshahara wa miezi mitatu mtakula nini na mtalipaje. Mana sasa hivi unaamua ukiwa umeishikilia hofu nzima peke yako, na hofu isiyohesabiwa inaonekana kubwa kuliko shilingi zenyewe. Mkishajua ni shilingi ngapi mtajua mna nafasi kiasi gani ya kusema hapana, au ya kuomba muda. Akikuuliza "karatasi yangu vipi", unaruhusiwa kumwambia bado nalifikiria, meneja, ni jambo zito. Hilo nalo ni jibu.

Niandikie tena ukishaongea na mumeo, na uniambie mkataba wako unaisha tarehe ngapi hasa, nione kama kuna jambo la kuwahi kabla ya siku hiyo.